Miembe ya Tabora: bustani iliyopandwa na misafara

Dar es Salaam ilianzishiwa bustani yake ya mimea na Wajerumani mwaka 1893. Nairobi ilifunguliwa Uhuru Park na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Tabora haikungoja serikali: kivuli chake cha umma kilitokana na wapita njia, nacho ni miembe.

Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini. Uliletwa pwani na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila achari ya embe. Kuja bara, ulifuata njia ya pembe za ndovu: Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, hadi Ujiji.

Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga matembe yao hapo. Wapagazi wengi wa misafara walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Walipenda kusafiri kiangazi, mito ikiwa imepungua. Tatizo ni kwamba huo ndio wakati miombo inapopukutisha majani na pori zima kubaki wazi kwa jua. Mwembe hubaki wa kijani, kwa kuwa mzizi wake huzama chini sana kutafuta maji. Kokwa lililotupwa kambini likiota, miaka michache baadaye msafara mwingine unakuta kivuli na chakula. Wenye matembe nao wakapanda uani. Tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Wao hawakuchagua pa kupumzika.

Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, bado lipo tembe alilokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872. Mpelelezi mwenzake, Stanley, alimwacha hapo tarehe 14 Machi, naye akasubiri wapagazi kutoka pwani hadi 25 Agosti ndipo akaondoka. Sasa ni makumbusho. Kule Ujiji, mwembe ambao yasimuliwa walikutana chini yake mwaka 1871 ulikwisha kufa. Miembe inayoonyeshwa leo inasemekana ni vizazi vyake.

Huku Tabora, watawala walipokezana mji. Mtemi Isike wa Wanyamwezi alijilipua ngomeni mwake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani. Wajerumani wakaleta reli mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Miembe ikabaki, na msimu ukifika watoto huokota embe za kienyeji zile zenye nyuzi, wakazibinya na kuzifyonza papo hapo njiani.

Tangu mwaka 2006, Tanzania imeweka njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Kwihara imo. Orodha hiyo inataja vituo vya njia. Miti nayo inastahili kuhesabiwa. Manispaa iitie alama miembe mikongwe, ipande michanga kando yake kabla haijaanguka, na anayekata mmoja ili ajenge fremu ya duka adaiwe mwingine barabarani. Bustani hii tulirithi bila kulipa. Kuitunza ni zamu yetu.