Flaviana Matata

Flaviana Matata ni mwanamitindo na mfanyabiashara wa Tanzania, mzaliwa wa Shinyanga, aliyekuwa Miss Universe Tanzania wa kwanza mwaka 2007. Ni miongoni mwa Watanzania wachache waliolitumia taji la urembo kufika kwenye majukwaa makubwa ya mitindo duniani na kudumu huko.

Maisha yake hayaelezeki bila kuitaja MV Bukoba. Meli hiyo ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Mama yake alikuwa mmoja wao. Flaviana, aliyekuwa bado mtoto, alilelewa na baba na ndugu, na baadaye akasomea ufundi umeme katika Chuo cha Ufundi Arusha.

Alipoingia kwenye urembo mwaka 2007, Watanzania walishaizoea Miss Tanzania, shindano lililoanza mwaka 1967, likapigwa marufuku, kisha likarejea mwaka 1994 na kuwa njia ya kwenda Miss World. Miss Universe Tanzania ilikuwa ngeni kabisa. Ililetwa na kampuni ya Compass Communications ya Maria Sarungi, na Flaviana akaibuka mshindi akiwa amenyoa nywele zote. Jambo hilo lilizua mjadala, na haishangazi: kwa Watanzania wengi, msichana aliyenyoa kichwa ni mwanafunzi au mfiwa. Mrembo alitarajiwa asuke, abandike au aweke nywele dawa.

Alikwenda na upara wake huohuo Mexico City, kwenye fainali ya Miss Universe ya tarehe 28 Mei 2007. Washiriki walikuwa 77, wengi wao wakiwa na nywele ndefu zilizomwagika mabegani. Yeye alipita jukwaani shingo wazi, uso wote ukionekana, bila chochote cha kujifichia. Aliingia 15 bora, kisha 10 bora, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Taji lilikwenda kwa Riyo Mori wa Japani. Kwa nchi iliyoshiriki kwa mara ya kwanza, hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Baada ya hapo alifanya kazi Afrika Kusini, kisha akahamia New York, njia ambayo Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alikuwa ameshaipita. Shindano la urembo huisha kwa usiku mmoja. Uanamitindo ni kazi ya kuzunguka kwenye usaili, kukataliwa na kurudi tena kesho yake. Flaviana aliimudu. Amevaa mavazi ya Vivienne Westwood, Tommy Hilfiger na Tory Burch, na kile kichwa kilichoonekana kasoro nyumbani kikawa alama ya kumtambulisha. Kwa maoni ya mwandishi, mchango wake mkubwa katika urembo wa Tanzania uko hapo: baada yake, msichana mwenye nywele fupi au asiye nazo aliweza kuingia kambi ya shindano la urembo bila kuulizwa amekosea njia.

Nje ya jukwaa alianzisha Lavy, chapa ya rangi za kucha. Mwaka 2011 aliunda Flaviana Matata Foundation, taasisi inayosaidia elimu ya watoto, hasa wasichana, kwa ufadhili wa masomo na vifaa vya shule. Yeye mwenyewe amekuwa akihusisha kazi hiyo na kumpoteza mama yake, na amewahi kutumia kumbukumbu ya MV Bukoba kuhimiza usalama wa vyombo vya majini. Kazi ya taasisi inayoonekana kwa macho iko Bagamoyo, katika Shule ya Msingi Msinune, ambako imeboresha majengo na mazingira ya kusomea.