Umri wa Mapafu

Kuipanda njia itokayo Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, hadi Nunguni katika milima ya Kilungu, ni kuipima pumzi yako. Mara nyingi wazee wenye mvi wamenipita mimi, mwalimu ambaye hata miaka arobaini sijaitimiza, nimeketi juu ya jiwe nikitweta. Je, ni nani kati yetu aliye na mapafu ya kizee? Kipo chombo kidaicho kulijibu swali hilo, na historia yake yafaa ijulikane.

Mwaka 1846 tabibu Mwingereza, John Hutchinson, alitangaza chombo alichokiita spirometa. Mtu alipuliza katika mpira, na hewa ikaliinua pipa lililofudikizwa majini. Kadiri lilivyopanda ndivyo pumzi ilivyohesabiwa. Aliwapima watu zaidi ya 2,000: mabaharia, askari, polisi, mabondia, maskini na mabwana. Akaona kwamba kimo ndicho kiitawalacho pumzi, kila inchi moja ya urefu ikiongeza inchi 8 za ujazo wa hewa, na kwamba umri huipunguza.

Chombo kilikuwa chema. Waliokitumia hawakuwa wema wote. Katika Marekani ya kusini Samuel Cartwright, tabibu aliyeutetea utumwa, alisema kwamba mapafu ya watu weusi yalipungua kwa sehemu ya tano, naye akadai kuwa kazi ya kulazimishwa iliwafaa. Aliyahesabu hayo kuwa maumbile, si matunda ya njaa na mateso. Wazo hilo halikufa pamoja naye. Katika karne ya ishirini spirometa nyingi ziliundwa zishushe kipimo kinachotazamiwa kwa mtu mweusi kwa sehemu 10 hadi 15 katika mia.

Jina la "umri wa mapafu" lilivuma mwaka 1985, Morris na Temple wa Marekani walipotafuta namna ya kuwashtua wavutaji wa sigara. Mtu hupuliza kwa nguvu zake zote, hupimwa hewa itokayo katika sekunde ya kwanza, kisha huulizwa: mtu wa afya mwenye kimo hiki hutoa hewa kama hii akiwa na umri gani?

Lakini huyo mtu wa afya ni nani? Hesabu yao ilitokana na watu wa Oregon wasiovuta sigara. Tuifanye sisi wenyewe. Mwanamume wa futi 5 na inchi 8 akitoa lita 4, mapafu yake huitwa ya miaka 31; akitoa lita 3.5, huitwa ya miaka 46. Nusu lita imemzeesha miaka 15! Na kijana wa Kilungu aweza kutoa hiyo lita 3.5 bila ugonjwa wowote, pengine kwa kuwa miguu yake ni mirefu na kiwiliwili chake kifupi. Sasa mtazame mama aliyepika miaka mingi juu ya mafiga, katika moshi wa kuni. Kipimo cha Oregon kitamtisha kupita kiasi. Kipimo kilichoshushwa kwa ajili ya rangi chaweza kumwita mzima, na madhara ya moshi yakafichwa chini ya jina la maumbile. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi kwangu, maana aliyetishwa hurudi kwa daktari, na aliyetulizwa harudi.

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya vipimo vya watu wenye afya 74,187, wakavigawa kwa makundi ya asili. Kundi la weusi lilikuwa la Wamarekani Weusi. Mwaka 2023 madaktari wa kifua wa Marekani walishauri rangi iachwe, makundi yahesabiwe pamoja kwa uzito sawa. Vipimo vyenyewe, hata hivyo, vilikuwa vile vile vya 2012. Ndiyo maana daktari mwangalifu, baada ya kumpima mama yule, humwita apulize tena mwakani, apate kumlinganisha na yeye mwenyewe.