Spika ndogo ya BBC na kipimo cha sauti ya mtu

Mtu anayelipa pesa nyingi kwa spika za nyumbani anatafuta nini? Wengi watajibu: besi, ile inayotikisa madirisha. Lakini historia ya spika moja ndogo ya Uingereza inaonyesha kwamba wasikilizaji wenye sikio kali walitanguliza kitu kingine: sauti ya mtu isikike kama ya mtu.

Miaka ya 1970, mafundi wa BBC walikosa nafasi. Vipindi vingi vilirekodiwa nje ya studio, na aliyechunga sauti alikaa ndani ya gari. Spika kubwa hazikuenea humo. Ndipo idara yao ya utafiti ikatengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa 19. Waliliita LS3/5A, na ripoti yake ilitoka mwaka 1976.

Kipimo cha mafundi hao kilikuwa rahisi, tena kikali. Mtu anaongea studioni. Wengine wanamsikiliza kwa spika katika chumba cha pili. Kisha wanaingia kumsikia yeye mwenyewe. Tarumbeta inaweza kumdanganya msikilizaji, lakini sauti ya mtu sote tunaijua tangu utotoni. Sanduku likitetemeka vibaya, mwanaume anasikika kama anaongea ndani ya pipa. Kwa hiyo walichagua mbao nyembamba, wakabandika ndani yake vipande vizito vya kutuliza mtetemo. Utando wa spika yenyewe ulikuwa wa plastiki, si wa karatasi, ili spika zote zitoke sawasawa.

Besi ya chini kabisa haikuwamo. Ukiongeza sauti kupita kiasi, spika inalemewa. Hata hivyo viwanda vilivyopewa ruhusa, kama Rogers, viliiuza kwa wakaaji wa kawaida, na wapenda muziki waliitunza miaka na miaka. Walikubali kukosa mtikisiko ili wamsikie mwimbaji kana kwamba amesimama mbele yao.

Kwa familia zilizohama, jambo hili si la matajiri tu. Simu ya zamani ilipitisha mawimbi ya hertz 300 hadi 3400 peke yake. Maneno yanafika, lakini uzito wa sauti ya baba, ulio chini ya hapo, unabaki njiani. Sikio ndilo linalojaza pengo. Redio ndogo ya betri nayo ina shida hiyo hiyo: habari unaipata, ila mtangazaji anakuwa mwembamba.

Muuza bafle sokoni, Goma ao Bukavu, atakuwekea muziki wa kelele. Mwombe aweke taarifa ya habari, msomaji awe mtu unayemjua sauti, kisha usimame hatua tatu nyuma.