Persephone Huwa Kuzimu Majira Gani? Kisasili cha Wagiriki na Tatizo la Kutaja Misimu kwa Kiswahili

Walimu wa fasihi wanapofundisha visasili, kisa cha Demeter na bintiye Persephone hutolewa aghalabu kama mfano wa hadithi inayoeleza asili ya misimu. Muhtasari wake unafahamika. Hades, mtawala wa kuzimu, anamnyakua binti. Mama anahuzunika na ardhi inakataa kuzaa. Hatimaye binti anarudishwa, lakini kwa kuwa alionja punje ya komamanga huko chini, hana budi kurejea kuzimu kwa sehemu ya kila mwaka. Akishafika hapo, mtahiniwa huandika kwamba Persephone akiwa kuzimu ni kipupwe na akipanda juu ni masika. Jibu hili linaonekana kamili. Hata hivyo, ukilipima kwa matini yenyewe, na kwa hali ya hewa ya nchi iliyoizaa matini hiyo, utaona kuwa lina walakini.

Tuanze na matini. Kisa hiki kinapatikana kwa ukamilifu katika utenzi wa kumsifu Demeter, wenye mishororo ipatayo 495, uliotungwa yapata karne ya 7 au ya 6 K.K. Watu wa kale waliunasibisha na Homer, ingawa wataalamu hawakubali kuwa ni wake. (Tulikaribia kuukosa kabisa: nakala moja tu ya mkono ndiyo iliyosalia, nayo ilipatikana Moscow mwaka 1777.) Utenzi unapoanza, Persephone anachuma maua kondeni pamoja na wenzake. Jambo hili dogo lina uzito. Ikiwa maua yanachanua kabla ya binti kutekwa, basi hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba majira ya maua yalizaliwa na kutekwa kwake.

Njaa inayofuata pia si msimu. Mtunzi anasimulia kuwa maksai walikokota plau bure, na shayiri ikaanguka mchangani bure, kwa sababu Demeter aliificha mbegu isiote. Ni tukio la mara moja, na ni silaha ya mama aliyedhulumiwa. Zeus ndiye aliyeidhinisha binti aozwe kwa Hades bila mama kujua, na Zeus huyo huyo ndiye mwenye mvua na radi katika imani ya Wagiriki. Lakini hata akinyesha mpaka mito ifurike, mbegu si yake. Hapa ndipo mtunzi alipojenga dunia yake kwa ustadi: mbingu zina mwenyewe na nafaka ina mwenyewe, na hao wawili wakikosana, anayeteseka kwanza ni mkulima. Kisha miungu nayo inaanza kuumia, maana watu wasiovuna hawana cha kutoa sadaka. Zeus anamtuma Iris, halafu miungu wengine mmoja baada ya mwingine, na Demeter anakataa kata kata. Ndipo Hermes anapotumwa kuzimu. Mgao wa mwaka unaofikiwa mwishoni, yaani thuluthi moja chini na thuluthi mbili juu, ni suluhu ya ugomvi wa kifamilia. Wala utenzi hausemi waziwazi kwamba ardhi itakuwa tasa kila mara binti anaposhuka. Sisi wasomaji ndio tunaoongeza.

Sasa tutazame hali ya hewa. Eleusis, mahali palipokuwa na hekalu la Demeter, pako kiasi cha kilomita 20 kutoka Athens, na Athens hupata mvua ya milimita 400 hivi tu kwa mwaka. Nyingi yake hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Mkulima wa huko alipanda shayiri mvua za kwanza ziliposhuka, ikakaa kijani kipindi chote cha baridi, akaivuna mwezi wa Mei au Juni. Kuanzia Juni hadi Septemba ardhi ilikauka ikapasuka. Kwa hiyo wakati wa ukame Ugiriki ni kiangazi, na wakati wa baridi ndio wakati wa mvua na mimea michanga. Hata lugha yao inashuhudia: neno cheimon lina maana ya majira ya baridi na pia ya dhoruba, nalo theros ni kiangazi na pia mavuno.

Kutokana na hayo, wataalamu kama Francis Cornford na Martin Nilsson walipendekeza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwamba Persephone ni nafaka iliyohifadhiwa chini ya ardhi baada ya mavuno, ikingoja kupandwa. Hivyo yuko kuzimu wakati wa kiangazi. Pendekezo hili linavutia, hasa kwa kuwa ibada kuu ya Eleusis ilifanywa mnamo Septemba au Oktoba, kabla tu ya kupanda, na waandishi wa baadaye wanaripoti kuwa waumini waliitazama mbingu wakiitaka inyeshe, kisha wakaitazama ardhi wakiitaka ichukue mimba. Hata hivyo, utenzi wenyewe unasema binti hurudi maua ya majira ya kuchipua yanapofunika nchi. Mhakiki hawezi kuuruka mshororo huo kwa sababu tu unamharibia nadharia. Kwa maoni yangu, ibada na utenzi havikulazimika kukubaliana.

Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika mnamo mwaka wa 8 B.K., alikihamishia kisa Sicily na kugawa mwaka nusu kwa nusu, miezi sita kwa sita. Kwake mimea inaharibiwa na jua kali kupita kiasi, kisha mvua kupita kiasi, mambo ambayo utenzi wa Kigiriki haukuyataja. Wasomaji wa Ulaya ya kaskazini nao walipokipokea walikivisha theluji yao, na ni sura hiyo iliyotufikia sisi kupitia vitabu vya Kiingereza.

Ugumu wa Kiswahili unaanzia hapo. Masika na vuli ni majina ya mvua kabla ya kuwa majina ya miezi. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti kusi inapovuma. Mwalimu akisema Persephone hurudi wakati wa masika, darasa zima litaona mvua ikirudi pamoja naye, ilhali Ugiriki mvua huwa inaelekea kwisha wakati huo. Akisema kipupwe, wataona baridi kavu badala ya shamba la shayiri lililolowa. Heri aseme majira ya baridi yenye mvua, na majira ya kuchipua, hata kama maneno yanarefuka.

Kuna njia nyingine ya kuwasogeza wanafunzi karibu na mandhari hayo. Hesiod, mshairi aliyeishi yapata mwaka 700 K.K., anamwagiza mkulima aanze kuvuna kundi fulani la nyota linapochomoza alfajiri na kulima linapotua, akiongeza kuwa kati ya hapo hupotea siku arobaini. Nyota hizo ndizo Waswahili waziitazo Kilimia, kutokana na kulima. Usiku wa Januari usio na mawingu, huonekana vizuri kutoka uwanja wa shule yoyote nchini.