Hayawani Adimu katika Vitabu vya Alfabeti: Kutoka Comenius hadi Silabi za Kiswahili

Mnamo 1658, mjini Nuremberg, Jan Amos Comenius, mwalimu na mwanateolojia mzaliwa wa Moravia, alichapisha Orbis Sensualium Pictus, kitabu cha Kilatini na Kijerumani ambacho aghalabu huhesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya picha vilivyokusudiwa watoto. Kurasa zake za mwanzo zina alfabeti inayostahili kutazamwa upya na wahakiki wa fasihi ya watoto. Humo hayawani hakuteuliwa kwa kuwa jina lake linaanza kwa herufi fulani, bali kwa mlio wake. Kunguru anatoa A, mwanakondoo B, mbwa anayenguruma R, nyoka S. Na chura ndiye aliyebebeshwa X. Mtoto anafunzwa kusikia sauti kwanza, ndipo alione umbo la herufi.

Vitabu vya Kiingereza vilivyofuata vilishika njia nyingine, njia ya jina. The New England Primer, kilichotumika katika makoloni ya Waingereza huko Marekani, na ambacho nakala yake kongwe zaidi iliyosalia ni ya 1727, kina paka, mbwa na simba. Lakini kwenye X mnyama hakupatikana, akaitwa Xerxes, mfalme wa Uajemi. Hapa ndipo siri ya hayawani adimu inapofichuka: anaingia kitabuni ili kuziba pengo. Katika ABC Book cha C. B. Falls (1923), X imepewa nduwaro kwa jina lake la kisayansi, Y ikapewa yak, ng'ombe mwenye manyoya marefu wa milima ya Tibet, na Z punda milia. Punda milia, mnyama wa Afrika, alifika kitandani mwa mtoto wa London, na tiketi yake ilikuwa herufi moja tu.

Kwa mtoto wa Lamu au Narok uadimu huo unapinduka. Nduwaro ni samaki wa mvuvi. Punda milia ni jirani wa mfugaji. Zaidi ya hayo, tahajia sanifu ya Kiswahili, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930, haina Q wala X, na C haisimami bila H. Ndiyo sababu Jambo Means Hello, kitabu cha Muriel na Tom Feelings kilichotolewa Marekani mwaka 1974, kina herufi 24 pekee. Pengo lililomleta hayawani wa ajabu katika Kiingereza halipo. Badala yake N imefurika: nyati, nyumbu, ngiri, nguchiro, nyegere, nungunungu, nyangumi, nguva, na huyo nduwaro mwenyewe. Kwa upande mwingine, hayawani ambao majina yao huanza kwa irabu ni wa kutafutwa kwa tochi.

Wingi huo unamwondolea mtunzi kisingizio. Akiweka simba kwenye S, amechagua. Hakulazimishwa na herufi. Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, naye huanza kwa S, na aina yake yenye makalio ya rangi ya dhahabu hupatikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Nguva amekuwa adimu mno katika maji ya Kenya. Mtoto anayekua bila kuyasikia majina haya hatajua hata kwamba kuna kilichopungua.

Hata hivyo, kuwabadilisha wanyama tu hakutoshi. Mtoto wa chuoni, katika hati ya Kiarabu, alifunzwa konsonanti pamoja na fataha, kasra na dhuma. Darasa la hati ya Kirumi nalo likawa na ba, be, bi, bo, bu. Njia zote mbili hujengwa juu ya silabi, na kwa hiyo ziko karibu zaidi na sikio la Comenius kuliko orodha ya Falls. Mtunzi anayezingatia hilo hatamweka kakakuona, ambaye huwindwa kwa ajili ya magamba yake, chini ya K na kumwacha hapo. Atamvunja: ka, ka, ku, o, na. Silabi wazi tano, irabu tatu. Na ile O isiyopata wanyama wengi wa kuianza inasimama peke yake katikati ya jina.