Magda Szubanski

Magda Szubanski (amezaliwa Liverpool, Uingereza, 12 Aprili 1961) ni mchekeshaji, mwigizaji na mwandishi wa Australia. Watazamaji wengi humjua kama Sharon Strzelecki wa tamthilia ya vichekesho *Kath & Kim*. Tawasifu yake *Reckoning* (2015) ni miongoni mwa vitabu vizito kabisa kuandikwa na mchekeshaji wa nchi hiyo.

Maisha ya awali

Mama yake alikuwa Mskoti na baba yake Mpoland. Familia ilihamia Australia mwaka 1966 ikakaa Croydon, pembezoni mwa Melbourne. Alisoma Chuo Kikuu cha Melbourne, na huko ndiko alikoanza kupanda jukwaani.

Televisheni na filamu

Alianza na *The D-Generation* ya shirika la utangazaji la ABC, kundi lililotokana na wachekeshaji wa chuo. Umaarufu ulikuja na *Fast Forward* (1989–1992), kipindi kilichorukaruka kutoka igizo moja hadi jingine kana kwamba mtazamaji anabadilisha chaneli kwa rimoti. Humo alimwigiza hata Joan Kirner, mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya jimbo la Victoria, akiwa bado madarakani.

Mwaka 1994 yeye na wachekeshaji wenzake Jane Turner na Gina Riley waliandika na kuigiza kipindi cha *Big Girl's Blouse*, hatua ya kijasiri wakati ambapo vichekesho vya televisheni vilitawaliwa na wanaume. Humo ndimo mlimochipuka *Kath & Kim*, iliyoanza kurushwa kama tamthilia mwaka 2002. Sharon ni rafiki anayepuuzwa: mpenzi wa netiboli, kila mara amevaa sare ya mchezo, leo ana bandeji, kesho kola ya shingo, na mapenzi hayamwendei vizuri. Szubanski hakumdhihaki mhusika huyu. Alimpa moyo mweupe, na ndiyo maana watazamaji walimpenda.

Katika filamu *Babe* (1995) aliigiza Esme Hoggett, mke wa mkulima, akipambwa aonekane mzee kuliko umri wake.

*Reckoning*

Kitabu kinamhusu baba yake, Zbigniew, kama kinavyomhusu yeye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa bado kijana mdogo mjini Warsaw, Zbigniew aliingia katika kikosi cha siri kilichowaua Wapoland waliowasaliti wenzao kwa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Familia yake ilihatarisha maisha kwa kuwaficha Wayahudi. Baadaye akawa mzazi wa kawaida wa kitongojini, aliyemfundisha binti yake tenisi na kuyaongelea ya vita kwa shida. Szubanski anauliza mtoto hurithi nini kutoka kwa mzazi aliyelazimika kuua, na anajibu bila kujionea huruma, akieleza pia aibu ya unene na hofu ya kujulikana kuwa anapenda wanawake. Mwaka 2016 kitabu kilipata Tuzo ya Douglas Stewart na kutangazwa kitabu bora cha mwaka na wachapishaji na wauza vitabu wa Australia.

Harakati na miaka ya karibuni

Alijitangaza kuwa msagaji mwaka 2012, kisha akawa sauti kuu katika kampeni ya ndoa za jinsia moja. Kura ya maoni ya posta ya 2017 iliziunga mkono ndoa hizo kwa asilimia 61.6. Amechapisha pia kitabu cha watoto. Mwaka 2025 alitangaza kuwa anaugua saratani ya damu, na mwaka huohuo aliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za televisheni za Logie.