Bakuli Lililotangulia Chai

Sisi watu wa visiwani tukisema chai, aghlabu tunakusudia kinywaji cheusi kilichochemka mpaka kikaiva, chenye iliki, tangawizi na sukari isiyohesabiwa. Siikatai. Lakini karibuni nilikirimiwa chai ya namna nyingine, Longjing, yaani Kisima cha Joka, itokayo vilimani kando ya Hangzhou, katika jimbo la Zhejiang, nchini China. Majani yake yamelala bapa kana kwamba yamepigwa pasi. Mwenyeji wangu aliyatia katika bilauri, akayangoja maji yaliyochemka yapoe hadi nyuzi 80 hivi, akayamimina taratibu. Majani yakaelea, yakashiba, yakazama moja moja. Funda la kwanza lilinihadaa. Nilidhani ni maji matupu. Nilipokwisha kumeza ndipo utamu ulipopanda kooni, na harufu kama ya korosho zichomwazo nyumba ya pili.

Ladha hiyo haitoki shambani peke yake. Jani la chai likichumwa na kusagika, hewa huligeuza jekundu, kisha jeusi, na hiyo ndiyo njia ya chai yetu ya kila siku. Fundi wa Longjing huifunga njia hiyo kwa moto. Vichipukizi vya thamani zaidi huchumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, vikatandazwa kivulini vinyauke kidogo, kisha vikatiwa katika karai la moto. Hapana mwiko wala upawa. Fundi huyageuza, huyakandamiza na kuyaburura majani kwa kiganja kitupu, na kiganja hicho hicho ndicho kinachompimia joto na unyevu. Huyapumzisha, akayarudisha tena karaini. Akizidisha, yameungua, akipunguza, yananuka ubichi. Kilo nne au tano za majani mabichi huacha kilo moja tu.

Haikuwa hivi tangu kale. Zama za Lu Yu, aliyeandika kitabu mashuhuri cha chai katika karne ya 8, majani yalipikwa kwa mvuke, yakatwangwa, yakashindiliwa kuwa vipande kama mikate. Mwaka 1391 Zhu Yuanzhang, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, aliamuru chai ya kasri iletwe ikiwa majani matupu, ili raia wapunguziwe taabu. Ndipo ukaangaji wa karaini ukashika nguvu. Amri ya kuipumzisha mikono, basi, iliipa mikono kazi nyeti kuliko zote.

Lu Yu huyo alikuwa mchaguzi wa mabakuli pia. Aliyatukuza ya Yue, ya huko huko Zhejiang, kwa kuwa ukijani wake uliipendezesha chai. Hapo habari hii inatugusa sisi. Vigae vya Yue vimefukuliwa Shanga na Manda, katika visiwa vya Lamu. Na vyombo vya kijani vya Longquan, navyo vya Zhejiang, vimeonekana Gedi na Kilwa. Wazee wetu waliyapachika mabakuli ya China katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi, yakatazama bahari karne nyingi bila ya kutiwa jani. Neno lenyewe lilishika njia nyingine. Waingereza na Wafaransa walilipata kutoka pwani ya Fujian, kwa merikebu za Waholanzi, na matamshi yao yangali na ile te ya huko. Sisi, wana wa bahari, tunasema chai, neno lililovuka Asia kwa misafara ya nchi kavu hadi kwa Waajemi!

Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wa chai wa China katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo imekuja wakati mashine zinakaanga sehemu kubwa ya chai hiyo, kwa haraka na kwa bei nafuu, na vijana wanaokubali kuunguza viganja ni haba. Mwenyeji wangu alinionesha majani ya mashine: bapa, sawasawa, mazuri kwa macho. Tukayaonja. Maji ya kwanza sikutambua tofauti. Maji ya tatu, ya mashine yalikuwa yamekwisha. Ya mkono yalikuwa bado yana la kusema, nasi tukaongeza maji.